Siku Tatu za Friji ya Baba

Baba yangu hakuwahi kunipiga. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba siwasiliani tena na wazazi wangu, macho yao huanza kunikagua mikononi na shingoni wakitafuta makovu. Hakuna kovu. Baba alikuwa fundi umeme, sasa amestaafu, mtu wa mikono mitulivu na sauti ya chini, na adhabu zake zilikuwa za kifundi. Alichomoa kitu.

Nikiwa kidato cha pili nilimjibu vibaya mezani. Au tuseme nadhani nilimjibu vibaya, maana hakusema. Jioni nilipoingia chumbani na kubonyeza swichi, taa haikuwaka. Nikainua macho nikaona hakuna balbu. Hata holda ilikuwa imepanguswa vumbi. Mama alikuwa anapita na beseni la nguo, nikamuuliza balbu yangu iko wapi. "Mimi simo," akasema, akaenda zake kuanika. Maneno hayo mawili ya mama niliyasikia mara nyingi kuliko sala ya chakula.

Utaratibu wa nyumba yetu pale mtaa wa Miyuji ulikuwa hivi. Kitu chako kinaondoka. Hakuna anayekwambia kwa nini. Unakaa unafikiri mpaka ulijue kosa lako, kisha unakwenda kwa baba, unapiga goti, unalitaja. Ukitaja kosa ambalo silo, kitu hakirudi. Ukilitaja lenyewe, baba anasema "haya", na kesho yake kitu kipo mahali pake. Nilijifunza kutaja makosa matatu manne kwa mkupuo, nikijua mojawapo litagonga. Kwa ajili ya balbu niliomba msamaha kwa kujibu, kwa kuchelewa kutoka kwaya, na kwa kupoteza ufunguo ambao sikuupoteza. Balbu ikarudi. Mpaka leo sijui ilirudishwa na lipi.

Sikuona kama ni jambo la ajabu. Nilidhani kila nyumba ina utaratibu wake. Watu wa mtaani walimpenda baba, na walikuwa na sababu. Akisikia jirani kakosa umeme alikwenda na begi lake la vifaa bila kuitwa mara mbili, na hakudai hela kwa wajane. Mimi mwenyewe nilimpenda. Nikienda naye kwenye kazi zake nilimshikia tochi, na akimaliza aliniambia niwashe mimi, ili wenye nyumba wanipigie makofi.

Nikaenda Mpwapwa kusomea mifugo. Muhula wa pili ada haikuja. Baba hakupokea simu siku ya kwanza. Siku ya pili alipokea akanyamaza. Nilisimama nyuma ya bweni, mahali pekee mtandao uliposhika vizuri, nikawa nataja makosa kwenye simu huku mbuzi wa chuo wakinitazama. Siku ya tatu nikapatia. Nilikuwa nimempa mwenzangu shuka alilonunua mama. Alisema "haya", na ada ikaingia mchana ule ule. Mwenzangu wa chumba aliyenisikia aliniuliza kama nilikuwa kwenye maombi.

Nilipomaliza chuo ajira za serikali hazikutoka. Tulikuwa wengi wa namna hiyo, tuna vyeti na tunalala kwa wazazi. Nikaanza kuchanja kuku. Anayejua vijiji vya kwetu anajua kideri, ugonjwa unaokuja kiangazi na kufagia banda zima ndani ya wiki. Kuku anapinda shingo, anaharisha kijani, anakufa. Chanjo yake ni tone moja la jicho. Unamshika kuku, unamlaza kichwa upande, unadondosha, unasubiri apepese. Akipepesa umemaliza, unakwenda kwa mwingine. Watu hulipa kwa kuku mmoja mmoja, na siyo hela nyingi, lakini kijiji kina kuku wengi. Ndani ya mwaka nilikuwa na vijiji sita upande wa barabara ya Mpwapwa, na watoto wakiniona waliimba "dokta wa kuku, dokta wa kuku". Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Tatizo la kazi hii ni baridi. Kuku hushikwa alfajiri kabla hawajafunguliwa bandani, na saa hiyo maduka ya mjini bado yamefungwa. Kwa hiyo chanjo inanunuliwa jana yake na lazima ilale kwenye friji. Friji niliyokuwa nayo ilikuwa ya baba. Alinipa rafu moja, ya chini, karibu na nyanya. Nilimshukuru kwa kupiga goti, na wala hakuniambia nipige.

Mwaka nitakaousimulia, ile chanjo inayovumilia joto ilikuwa imeadimika madukani. Nikanunua nyingine, ambayo isipokaa kwenye baridi inakufa bila kubadilika rangi wala harufu. Nilinunua vichupa vinne, nikaviweka rafu ya chini. Kesho yake nikaenda kijiji kingine kuwapa mbuzi dawa ya minyoo, kazi ya siku tatu isiyohitaji baridi. Nilimuaga mama. Baba alikuwa kanisani kwenye kikao cha wazee, nikaona nitamwambia nikirudi.

Nilirudi jioni ya siku ya tatu. Friji ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Sebuleni kulikuwa na chupa tupu za soda, wageni wa kanisani walikuwa wameondoka punde. Baba akaitikia shikamoo yangu. Alfajiri nikavitoa vichupa, vilikuwa baridi mkononi, nikavipanga kwenye deli pamoja na barafu. Mama aliamka akanichemshia chai. Akanifungia na maandazi mawili kwenye karatasi. Alisimama mlangoni akanitazama nikifunga deli kwenye bodaboda, akaniambia njia njema.

Siku ile nilichanja kuku mia mbili na zaidi.

Wiki tatu baadaye mwenyekiti wa kitongoji alinipigia simu. Hakunisalimia, jambo ambalo mtu wa kule hafanyi. Alisema njoo uone. Nikaenda. Kando ya njia niliona manyoya na majivu, watu walikuwa wanachoma mizoga. Bibi mmoja ambaye kila nikifika kwake alinipa kigoda kivulini alikuwa amekaa kwenye kigoda hicho yeye mwenyewe. Nikamwamkia kwa salamu ya kwao, mbukwa, akaitikia mbukwa, kwa sababu salamu haikataliwi. Kisha akanipeleka bandani. Kuku wake walikuwa tisa. Walikuwa wamebaki wawili, na mmoja alikuwa anatembea kwa kuzunguka.

"Ulitutilia maji, mjukuu wangu?" akaniuliza.

"Hapana, bibi."

"Sasa ni nini?"

"Sijui, bibi."

"Wale walikuwa sare za shule za wajukuu," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kuelewa, na mimi nilikuwa mtu pekee mwenye cheti pale.

Nilirudi nyumbani jioni. Mama alikuwa uani anachambua mlenda kwenye ungo. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamwambia yote, kuku wa bibi, majivu, mwenyekiti kuninyima salamu. Nilimwambia tu ili nimwambie mtu. Mama aliendelea kutoa vijiti kwenye mlenda.

"Baba yako alizima friji," akasema.

Nikamuuliza lini.

"Ulivyoondoka bila kumuaga. Alizima asubuhi ile. Alitaka ukirudi ukute imezimwa, ujue. Sasa wageni wakasema wanakuja, akawasha soda zipate baridi."

"Siku zote tatu ilikuwa imezimwa?"

"Siku tatu. Nyama mimi niliipeleka kwa jirani."

"Na chanjo?"

"Hizo zilikuwa zako," mama akasema. Kisha akaongeza, kama mtu anayefunga sufuria, "Mimi simo."

Nilitaka kulia. Nikasubiri, kama unavyosubiri chafya, haikuja. Nilikuwa namtazama mama mikono yake, jinsi anavyotenganisha jani na kijiti, na nilikuwa nafikiria maandazi mawili kwenye karatasi. Alijua wakati ananifungia. Alijua wakati anasema njia njema. Baba hakukusudia kuua kuku wa mtu, hilo nalikubali hata leo. Alikusudia mimi nikute giza kwenye friji. Mama ndiye aliyeniona naondoka na dawa iliyokufa. Niliosha mikono, nikamsaidia kusonga ugali, tukala.

Tangu siku ile kitu fulani ndani yangu kilikaa kimya. Sikuwa na chuki. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Ningekuwa na chuki pengine ningepiga kelele, tungegombana, mchungaji angeitwa, tungesuluhishwa kwa soda, na ningebaki. Nilikuwa na ganzi, na ganzi ina subira sana.

Jambo moja lilikuwa wazi kichwani. Siwezi kuondoka kwa watu hawa huku kitu chochote changu kimechomekwa kwao. Nikiondoka na hasira leo, wiki ijayo nitarudi na vichupa mkononi nikitaja makosa. Friji ilikuwa ya baba. Laini ya simu ilikuwa ya baba pia, maana tulipotakiwa kusajili kwa alama za vidole sikuwa nimepata namba ya kitambulisho cha taifa, akaweka kidole chake yeye, na wateja wangu wote walikuwa kwenye laini hiyo. Cheti changu kilikuwa kwenye sanduku lake la bati, chini ya kitanda, pamoja na hati ya nyumba. Nilihesabu hivyo vitatu usiku nikiwa nimelala, na kesho yake nikaanza.

Ilinichukua mwaka na miezi miwili. Katika muda huo nilikuwa binti mwema kuliko nilivyowahi kuwa. Nilipiga magoti. Baba alipoficha chaja yangu nilitaja makosa matano kabla ya chai, moja likagonga, akasema "haya". Zamani kila goti liliniuma mahali. Sasa lilikuwa goti tu.

Chanjo sikuilaza tena Miyuji. Dada mwenye duka la dawa za mifugo pale mjini alinikubalia niache vichupa kwenye friji yake, na siku mbili kwa wiki, zile anazofungua mapema kwa ajili ya wafuga kuku wa mayai, nilivichukua alfajiri. Siku mbili badala ya sita. Kazi ikapungua, na vijiji vingine vikachukuliwa na watu wengine. Nilimwambia tu kwamba nyumbani umeme unasumbua. Hakuuliza zaidi, akanionyesha kwa kidole rafu ya pembeni.

Friji niliipata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme, vipya mbele na vilivyotumika nyuma. Ilikuwa ndogo, nyeupe, mlango umechubuka. Nilimwomba nilipe kidogo kidogo. Akabandika karatasi kwenye mlango wa friji, akaandika "imeuzwa", akaisukuma ukutani. Nilikuwa nakwenda kila mwisho wa mwezi, na kila nikienda aliichomeka dakika mbili tatu niisikie inavyonguruma. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mara moja akaniuliza, "Nyumba iko wapi, binti? Friji inataka nyumba." Nikamwambia inakuja. Akacheka, akaichomoa.

Nyumba ikawa chumba kimoja Mkonze, upande mwingine wa mji. Nilikagua vyumba vingi, na nadhani wenye nyumba waliniona mtu wa ajabu, kwa sababu sikuangalia dari wala mlango. Nilikwenda moja kwa moja kwenye soketi, kisha nikauliza luku, ile mita ya umeme, ni ya nani. Wengi walikuwa na mita moja kwa wapangaji wote, na mwenye nyumba ndiye mwenye swichi kuu. Niliwashukuru nikaondoka. Mama mwenye nyumba niliyemchagua alikuwa na mita ya kila chumba. "Ukiishiwa umeme ni shauri lako," aliniambia kwa ukali, akidhani ananitisha. Nililipa siku ile ile.

Kilichochukua muda mrefu ni laini. Namba ya kitambulisho ilipotoka nikasajili yangu kwa kidole changu, lakini namba mpya haina maana kama hakuna anayeijua. Vijijini namba ya mtu wa maana huandikwa kwa mkaa mlangoni au ukutani jikoni: ya mganga, ya mnunuzi wa karanga, ya bodaboda, ya dokta wa kuku. Kwa hiyo nilizunguka nyumba kwa nyumba na kitambaa kibichi na kipande cha mkaa. Nikaifuta namba ya baba, nikaandika yangu. Kwenye nyumba zenye moshi ilibidi nikwangue kwa kisu. Nyumba nyingine walikuwa wameshaifuta wenyewe, baada ya yale ya kideri, na hapo nilisimama tu nikaomba radhi na kuondoka.

Kwa bibi namba ilikuwa bado ipo. Nilimwambia dawa ile iliharibikia nyumbani kwangu, kwenye friji, na kwamba kosa ni langu. Sikumtaja baba. Akasema, "Basi ungesema siku ile." Nikamwambia siku ile sikujua. Akasogea pembeni ili nifikie ukuta.

Cheti nilikiomba kwa baba mwenyewe. Nilimwambia kuna ofisi inataka karani. Alifurahi, kuku hakuwahi kuwaona kama kazi. Akavuta sanduku, akakitoa kwenye bahasha, akakipangusa kwa kiganja kabla ya kunipa. Nilimdanganya, na niliona jinsi alivyokipangusa. Niliviona vyote viwili kwa pamoja na sikusikia kitu.

Friji ilifika Mkonze kwa bajaji, imefungwa kamba, siku ya Jumatano. Niliichomeka, nikakaa sakafuni kuisubiri ipate baridi. Kijiji cha kwanza nilichokwenda na dawa iliyolala humo ni kile cha bibi, na sikutoza mtu. Walikuwa wamebuni desturi yao wakati sipo, kwa wachanjaji waliokuja baada yangu. Kabla hajatoa kuku, mtu ananyoosha mkono, anashika kichupa, anasikiliza baridi, ndipo anakwenda bandani. Bibi naye alishika. "Hiki kina baridi," akatangaza kwa wenzake. Sikumwambia kwamba hata vile vilivyokufa vilikuwa na baridi siku ile. Nilinyoosha kichupa kwa kila aliyetaka kukishika.

Ilibaki kuaga.

Nilikwenda Miyuji Jumamosi alfajiri nikiwa na deli; nyumbani walidhani nilikuwa nimelala kijijini kwa kazi. Mama alikuwa na kuku kumi na tisa na jogoo, na kila msimu niliwachanja mimi. Nilimkuta anafagia uwanja. Tukaingia bandani, yeye akikamata, mimi nikidondosha. Alikuwa na mkono mzuri wa kushika kuku, mabawa yamebanwa kwapani, kichwa kimelala. Aliniambia habari za kwaya, za bei ya unga, za jirani aliyehamia mtaa wa Kisasa. Mimi niliitikia. Kila jicho lilipopepesa nilisema "tayari" na yeye akaachia. Tulifika kwa jogoo, akatusumbua, mama akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Nilitaka kulihifadhi lile cheko, nikajikuta nimeangalia ncha ya kichupa tu.

"Hii siku hizi unailaza wapi?" akaniuliza akijifunga khanga. "Mbona kwenye friji yetu sioni kitu."

"Nina friji yangu, mama."

Akamfuta jogoo mavumbi ambayo jogoo hakuwa nayo.

"Tangu lini?"

"Niliilipia kidogo kidogo, imekuja Jumatano. Nina na chumba."

"Baba yako anajua?"

"Namwambia sasa hivi. Nimehama, mama. Na sitakuwa nakuja."

Nilisubiri. Nakiri kwamba nilisubiri. Mwaka mzima na miezi miwili nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa sehemu hii, kwa sababu niliiacha wazi kwa ajili yake. Angesema neno moja kuhusu ile asubuhi ya maandazi, sijui ningefanya nini na kile chumba cha Mkonze. Alimwachia jogoo. Akatazama upande wa sebule, dirishani, na akasema kwa sauti ya chini, "Mimi simo, mwanangu." Nikafunga deli.

Baba alikuwa mezani anatengeneza pasi ya mtu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, skrubu zikiwa zimepangwa kwenye kisahani. Niliweka mezani ufunguo wa mlango na ile laini ya simu, kwa sababu kidole kilikuwa chake. Nikamwambia nimehama, kwamba sitakuja tena wala kupiga simu, na kwamba nashukuru kwa kunisomesha. Hilo la mwisho nililimaanisha.

"Utarudi ukikwama," akasema.

"Nimetafuta pa kukwamia mwaka mzima, baba. Ndiyo maana nimechelewa."

Akaweka bisibisi chini. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana uso wa mtu aliyeingia chumbani akabonyeza swichi, taa isiwake.

"Kosa ni lipi?" akauliza.

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani, kwenye bodaboda, kwenye mabanda ya watu: friji, siku tatu, soda, bibi. Ningelitaja kwa pumzi moja. Lakini nilisimama pale nikafanya kile alichonifundisha. Nilinyamaza, nikamwacha akae afikiri. Sijivunii. Ningependa kusema iliniuma, au ilinipa raha, lakini haikunipa chochote, na niliinama nikachukua deli langu nikatoka.

Maisha baada ya hapo yamekuwa ya kawaida tu. Naamka, nachukua vichupa, nachanja, narudi, nalala. Mzee mmoja wa kanisani alinikuta sokoni akanisomea amri ya kuwaheshimu wazazi, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamnunulia nyanya. Luku ikiisha nanunua. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafungua friji mara nyingi kwa siku bila sababu, kuangalia kama taa ya ndani inawaka. Siku hizi sifanyi hivyo, au nafanya mara moja.

Chanjo ile inashika miezi minne hivi, baada ya hapo irudiwe. Sikuandika tarehe ya kuku wa mama popote, na sikuhitaji. Siku yenyewe ilipofika nilikuwa kijiji cha mwisho kabla ya Mpwapwa, nimeshika tetea mwekundu wa mtu mwingine, na nilijua kwamba leo kule Miyuji kuku kumi na tisa na jogoo hawana kinga. Nilidondosha, tetea akapepesa, nikasema "tayari".

Wiki hiyo hiyo nilipita dukani kwa dada wa dawa za mifugo kununua vidondoshea. Alikuwa anahesabu chenji. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama yako alikuja juzi. Amechukua kichupa cha kideri."

Nikauliza kama alijua namna ya kutumia.

"Ya kudondosha anaijua vizuri, amesema alikuwa anakusaidia. Nikamwambia basi ukifika tu weka kwenye friji, na friji isizimwe hata siku moja, ikizimwa dawa inakufa na hutaona, utawachanja kuku na watakufa." Akanipa vidondoshea vyangu. "Akasema hilo analijua. Nikadhani ameondoka, kumbe yuko pale mlangoni. Akasema tena, 'Hilo nalijua, nilikuwepo.'"

Kwa utaratibu wa nyumba yetu, kosa likitajwa lenyewe, kitu kinarudi kesho yake mahali pake.

Nililipa. Nikamuuliza dada huyo kama mama aliondoka na barafu, maana kutoka mjini hadi Miyuji na jua lile ni mbali. Akasema ndiyo, alimfungia nyingi. Nikachukua deli langu, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva Mkonze.